Kujifunza kwa Mchezo: Jinsi ya Kuunda Mchezo wa Kufundishia Vijana wa Vyuo



Somo letu la leo ni la wale wanaofundisha vijana wa vyuo, na pia sisi ambao kila mwaka hupokea wanafunzi wa mazoezi ya kazini katika ofisi za parokia na za maendeleo. Hapa kwetu Homa Bay na Migori vyuo vimeongezeka. Kuna Chuo Kikuu cha Rongo kilichopata hati yake mwaka 2016, kuna cha Tom Mboya pale Homa Bay mjini, kuna vyuo vya ualimu vya Asumbi na Migori, vyuo vya uuguzi, na vya ufundi karibu kila mahali. Wanafunzi tunao. Shida ni vile wanavyojifunza.

Mwanafunzi anaweza kuandika kurasa nne kuhusu "ushirikishaji wa jamii" na apate alama nzuri. Mpeleke pale Sori, chini ya mti, mbele ya wavuvi ishirini waliokesha ziwani, uone. Anafungua daftari na kuanza kusoma. Simcheki, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Nilitoka chuoni na diploma yangu nikaenda kwenye baraza langu la kwanza huko Nyatike, nikaongea dakika arobaini bila kupumua. Nilipoketi mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Nyara, umemaliza? Basi sasa tuanze mkutano."

Diploma yangu haikunifundisha kunyamaza. Jambo kama hilo halishiki kwa kuambiwa. Hushika ukilifanya vibaya mahali ambapo kosa lako halimuumizi mtu, kisha ukapewa nafasi ya kulifanya tena. Hiyo ndiyo kazi ya mchezo wa kuiga maisha, na ndiyo sababu nimeamua kuandika somo hili.

MCHEZO WA KUIGA NI NINI?

Wengine wakisikia mchezo wanafikiria ni kupoteza wakati, ati wazazi hawajalipa karo ili watoto wao wacheze. Lakini waangalieni wazee wanaocheza ajua. Yule anayejua kucheza anahesabu mbegu za mashimo yote bila kalamu, anafikiria hatua tatu mbele, na anamsoma mwenzake usoni. Hakuna aliyemfundisha kwa ubao na chaki.

Mchezo wa kuiga unachukua sehemu moja ya maisha, unaipunguza mpaka itoshe mezani, halafu unawaacha watu waamue na kuona matokeo ya uamuzi wao. Jeshi la Prussia, nchi ya zamani ambayo sehemu yake leo iko Ujerumani, lilianza kufunza maofisa wake kwa mchezo wa ramani na vipande vya vita mnamo miaka ya 1820. Wauguzi wetu nao, tangu mwaka 2010, hufunzwa kumsaidia mtoto mchanga apumue kwa kutumia mwanasesere anayejazwa maji ili awe na uzito kama wa mtoto. Mwanafunzi anarudia na kurudia ile dakika ya kwanza ya kuzaliwa, mpaka mikono yake izoee. Akikosea, hakuna mama anayelia.

Kwa sisi tunaofanya kazi ya jamii, njia hii si ngeni. Mwaka 1974 Anne Hope, mzaliwa wa Afrika Kusini, na Sally Timmel wa Marekani, walianza hapa Kenya, pamoja na Kanisa Katoliki, mafunzo yale yaliyoitwa DELTA. Walichukua mawazo ya Paulo Freire wa Brazil, aliyefundisha watu wazima kusoma kwa kuanza na mambo yanayowagusa. Badala ya mwalimu kutoa jibu, anatoa picha, kigizo kifupi au mchezo unaoonyesha shida ambayo watu wanaijua tayari. Kisha anauliza: Mmeona nini? Je, haya hutokea kwetu? Kwa nini hutokea? Tufanye nini? Mwaka 1984 wawili hao walitoa vitabu vyao vitatu, Training for Transformation, vilivyochapishwa na Mambo Press, Gweru, Zimbabwe. Kwenye makabati ya parokia zetu nyingi vitabu hivyo bado vipo, vingine vimeliwa na mchwa. Hebu viondoeni vumbi.

BAKULI LA SAMAKI

Sasa niwaeleze mchezo mmoja kwa urefu, maana kuunda mchezo hujifunzwa kwa kuangalia uliokwisha kuundwa. Wazo lenyewe si langu. Dennis Meadows wa Marekani aliunda mchezo wa uvuvi, Fish Banks, unaochezwa kwa kompyuta. Mimi sina kompyuta za kutosha darasa, na umeme nao mnaujua. Nina bakuli na mahindi.

Weka punje 40 za mahindi kwenye bakuli. Bakuli ni ziwa, punje ni samaki. Gawa wanafunzi ishirini katika boti nne, watano kila boti. Kila msimu, kila boti inaandika kwa siri kwenye karatasi idadi ya samaki inayotaka kuvua, kuanzia 0 hadi 8. Hakuna kuongea na boti nyingine. Mwezeshaji anakusanya karatasi na kupiga kura ya nani aanze kuchukua, halafu kila boti inapata ilichoandika ikiwa samaki bado wako. Samaki wanaobaki huzaana: idadi yao inaongezeka mara mbili, lakini ziwa haliwezi kubeba zaidi ya 40. Waambie ni misimu sita, na boti yenye samaki wengi mwishoni ndiyo imeshinda.

Nimeucheza mchezo huu mara nyingi, pande za Homa Bay na za Migori. Mara nyingi hutokea hivi. Msimu wa kwanza kila boti inaandika 8. Wanavua 32, wanabaki 8, wanazaa kuwa 16. Msimu wa pili kila mtu anaona ziwa limepungua, na kwa kuogopa wenzake watamaliza, anaandika 8 tena. Boti mbili za kwanza zinachukua zote 16. Mbili za mwisho zinapata bakuli tupu. Mchezo wa misimu sita umekwisha kwa misimu miwili, na wanafunzi wanakutazama kana kwamba umewaibia.

Hapo ndipo unawapa kalamu na karatasi. Boti zote pamoja zimepata samaki 48. Je, kama kila boti ingevua 5 tu? Wangechukua 20, wangebaki 20, wangezaa kuwa 40 tena. Kila msimu 20, misimu sita ni samaki 120, na ziwa bado limejaa. Kila boti ingekuwa na 30. Boti iliyoshinda kwa ujanja imepata 16.

Hesabu hiyo darasa zima hufanya kimya. Nimewahi kuona kijana wa Mbita, ambaye baba yake ni mvuvi, akihesabu mara ya pili na ya tatu kana kwamba jibu litabadilika. Halafu akasema, "Madam, hii si mahindi. Hii ni omena."

Baada ya hapo rudia mchezo, lakini sasa ruhusu baraza la dakika tano kabla ya kila msimu. Wataahidiana kuvua 5. Wengine watatimiza, na boti moja itaandika 8 kwa siri. Darasa litawaka moto. Usiwazime haraka! Waache wabishane, waulize wenyewe: nani atamkagua nani? Adhabu ni ipi? Nani anaiandika? Bila kujua wamefika kwenye kazi ya zile kamati za fuo tunazoziita BMU, ambazo kanuni zake zilitolewa mwaka 2007. Hapo unaweza kuwaeleza kuhusu Garrett Hardin, aliyeandika mwaka 1968 kwamba mali ya wote huishia kuharibiwa na wote, na kuhusu Elinor Ostrom, mama aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuonyesha kwamba watu wanaotumia mali kwa pamoja wanaweza kujiwekea sheria na kuitunza. Ukianza kipindi kwa majina hayo mawili watanakili na kusahau. Ukiyaleta baada ya bakuli kuisha, watauliza wenyewe yule mama alisema nini hasa.

MAMBO NILIYOJIFUNZA KWA KUKOSEA

Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa na sheria kumi na nne. Nilikuwa najivunia sana. Kulikuwa na kodi, dhoruba, bei ya mafuta, nyavu za aina tatu. Saa nzima iliisha tukisoma sheria, na kengele ikalia kabla hata samaki mmoja hajavuliwa. Siku hizi najipa kipimo: kama siwezi kueleza sheria kwa dakika tano, kwa Kiswahili cha kawaida, mchezo bado haujaiva. Ukitaka kuongeza jambo, liongeze msimu wa tatu, wakati wachezaji wamezoea.

Kosa la pili ni kuanza na mchezo badala ya somo. Unaona mchezo mzuri mahali, unaupenda, halafu unatafuta somo la kuuvalisha. Anza upande ule mwingine. Jiulize, mwanafunzi huyu Jumatatu akiwa kazini atatakiwa kuamua jambo gani gumu? Mwalimu mwanafunzi ataamua amwite yupi kati ya watoto sitini. Muuguzi ataamua nani aingie kwanza wakati mama watatu wanalia mlangoni. Mfanyakazi wa jamii ataamua aseme nini chifu anapotaka majina ya ndugu zake yawe ya kwanza kwenye orodha ya msaada. Uamuzi huo mgumu ndio kiini cha mchezo, mengine ni mapambo.

Lakini kosa kubwa zaidi nitawaeleza lilivyokuwa, ingawa hata leo kuliandika ni vigumu kwangu.

Baada ya kucheza bakuli mara kadhaa, mwanafunzi mmoja msichana alisimama akauliza, "Na sisi wachuuzi tuko wapi? Ziwani mnaona wanaume tu." Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimesahau wanawake wanaosubiri ufuoni na beseni. Basi katika chuo kingine nikaongeza kundi la wachuuzi. Walikuwa na pesa za karatasi, na kila boti ilikuwa huru kuamua imuuzie nani. Samaki walipopungua, wachuuzi wakawa wengi kuliko samaki. Ninyi mnaokaa karibu na ziwa mnajua kinachotokea hapo. Mnajua neno jaboya. Mvulana mmoja aliyekuwa nahodha wa boti akaanza mzaha, akimwambia msichana aliye mbele yake kwamba pesa peke yake haitoshi leo. Darasa likacheka. Hata mimi nilitabasamu, Mungu anisamehe, nikidhani sasa mchezo umefanana na maisha.

Yule msichana akaweka pesa zake mezani taratibu na kutoka nje. Muda ulikuwa umekwisha, nikafunga kipindi, nikakusanya mahindi yangu. Sikuwauliza lolote. Baada ya siku mbili rafiki yake aliniambia kwamba mama ya huyo msichana aliuza samaki miaka mingi, na alikufa kwa ule ugonjwa. Karo yake ilitoka kwenye beseni hilo.

Nilimtafuta na kumwomba msamaha. Alinisikiliza vizuri, kwa heshima, na hakusema mengi. Kipindi changu hakurudi tena muhula huo.

Tangu siku hiyo nafuata masharti ambayo sivunji. Simpi mwanafunzi nafasi inayofanana na jeraha la nyumbani kwake, na kwa kuwa siwezi kujua majeraha ya kila mtu, kila mmoja ana ruhusa ya kukataa nafasi au kutoka bila kutoa sababu. Nayasema haya mwanzoni, kwa sauti. Pili, kila mchezaji anavaa kipande cha karatasi chenye jina la nafasi yake, "Nahodha", "Mchuuzi", "Karani wa BMU". Mchezo ukiisha tunavua karatasi hizo wote pamoja, kila mmoja anataja jina lake mwenyewe, na tunahama viti. Inaonekana kama jambo la kitoto, lakini inasaidia mtu arudi kuwa yeye. Tatu, mazungumzo ya baada ya mchezo hayapungui muda wa mchezo wenyewe. Ukiwa na saa moja na nusu, cheza dakika arobaini, dakika zinazobaki zungumzeni. Kama muda umebana, kata mchezo. Usikate mazungumzo.

Wachuuzi bado wamo kwenye bakuli langu, sikuwatoa. Kuwatoa kungekuwa kuficha ukweli wa ufuo. Lakini sasa boti haichagui mchuuzi kwa kumtazama usoni. Mauzo yote yanaandikwa kwenye karatasi na kupitia kwa karani, na jambo la jaboya tunalileta sisi wenyewe katika mazungumzo, kwa utulivu, wasichana na wavulana wakianza katika makundi mbalimbali.

KWA NINI MAZUNGUMZO NI MUHIMU HIVYO

Kuna kisa kimoja kinachonisaidia kuwaeleza walimu wenye haraka. Mwaka 1904 mama mmoja Mmarekani, Lizzie Magie, alipata hataza ya mchezo wa ubao alioubuni. Alitaka kuonyesha vile wenye ardhi wanavyotajirika kwa kodi na wapangaji wanavyofilisika. Ulikuwa mchezo wa kufundisha haki. Ulipita mikononi mwa watu, ukabadilishwa, na mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikaanza kuuza mchezo uliotokana na ule, Monopoly. Leo watoto wa dunia nzima wanaucheza na kushangilia wanapomfilisi ndugu yao. Ubao unafanana na ule wa kwanza, kodi ni ile ile. Kilichopotea ni lile swali, "Ni haki?" Mchezo usiozungumzwa unaweza kufundisha kinyume cha ulichokusudia. Aliyevua samaki 16 anaweza kwenda nyumbani akijua jambo moja tu, kwamba inalipa kuwa wa kwanza.

Maswali yangu hayajabadilika sana kutoka yale ya DELTA. Naanza na hisia: ulijisikiaje bakuli lilipokuwa tupu? Kisha matukio: nani aliandika ngapi, na kwa nini? Halafu maisha: umeona wapi haya? Mwisho, uamuzi: wiki ijayo ukiwa kazini utafanya nini tofauti? Ukiruka hisia ukaanza na maisha, wanafunzi wanakupa majibu ya kitabu. Na wewe mwezeshaji jizuie kujibu. Hesabu moja hadi kumi kimyakimya. Ukimya wa darasa unatisha zaidi wa kwanza, halafu mtu mmoja huongea.

MCHEZO MFUPI WA UPANDE WA MIGORI

Si lazima mchezo uwe mrefu. Kwa wanafunzi wa afya na wa maendeleo wanaokwenda maeneo ya dhahabu kama Macalder, kuna zoezi la nusu saa. Pale mnajua akina mama hukanda udongo wa dhahabu na zebaki kwa mikono mitupu. Mpake mwanafunzi mmoja unga wa chaki ya rangi kiganjani kabla ya kipindi. Awasalimie wenzake kwa mkono kama kawaida, wapitishe kikombe, wapitishe mwanasesere kana kwamba ni mtoto, wagawane ndizi. Baada ya nusu saa waambie watafute chaki imefika wapi. Watu wataikuta kwenye kola, kwenye simu, na kwenye shavu la mwanasesere. Zebaki haiendi sawasawa kama chaki, na ile inayochomwa husafiri kwa mvuke, kwa hiyo waeleze tofauti hiyo wasije wakabeba wazo nusu. Lakini lile shavu la mtoto hawalisahau.

MATAYARISHO NA GHARAMA

Bakuli, kilo ya mahindi, vizibo vya soda, makatoni ya duka. Kifurushi changu kizima kinaingia kwenye mfuko wa sukari. Kabla ya kuuleta darasani ujaribu na watu wanne au watano jikoni kwako, wasiojua kitu, na usiwasaidie. Pale wanapokwama ndipo sheria yako ina kasoro. Ukiwa na darasa la hamsini na zaidi, ishirini wacheze na wengine wapewe kazi ya kutazama: huyu anaandika nani anaongea sana, huyu anaandika ahadi zilizovunjwa. Mara nyingi watazamaji huona mengi kuliko wachezaji. Alama za mtihani msitoe kwa ushindi, toeni kwa maandishi ya baadaye, ambapo mwanafunzi anaeleza aliamua nini na kwa nini.

KAZI YA KIKUNDI

Kaeni watu watano au sita, walimu au wafanyakazi wa parokia, na muunde mchezo mmoja wa saa moja. Kama mko Awendo au Rongo, chukueni karatasi ya malipo ya mkulima wa miwa, yenye makato yake yote, na mfikirie nani anakaa mezani: mkulima, mke wake, mwenye trekta, karani wa kiwanda. Kama mko ziwani, chukueni msimu ambao uvuvi wa omena umefungwa na nyumba haina pesa ya unga. Halafu zungumzeni:

Ni uamuzi gani mgumu mnataka mchezaji aufanye? Nani hayuko mezani lakini anaumizwa na uamuzi huo? Na katika darasa mnalolijua, ni mwanafunzi gani anaweza kuumia, na mtamwambia nini kabla mchezo haujaanza?